Pikapu ya Kwanza ya Foo Wili: Tuanzie Uvunguni

Wazee wangu, shikamooni. Kina mama na vijana, habari za asubuhi.

Mada niliyopewa ni injini: mkulima au mfanyabiashara wa mazao anayenunua pikapu yake ya kwanza ya foo wili achukue injini gani. Naomba niigeuze kidogo. Tutaanzia uvunguni, kwenye difu (gia za katikati ya ekseli zinazogawia tairi nguvu) na transfa (boksi linalogawa nguvu kwenda ekseli ya mbele na ya nyuma), halafu ndipo tufunue boneti. Karibu kila mteja akifika yadi huuliza CC ngapi, akasikiliza mlio, akalipa. Wachache sana huinama kuangalia kinachobeba hiyo nguvu mpaka kwenye tairi. Na gari linalokwama Makete mwezi wa pili na viazi mgongoni, mara nyingi injini yake ni nzima kabisa.

Chukueni simu tupige hesabu moja. Gia namba moja ya pikapu nyingi ni karibu 4.3, yaani injini inazunguka mara 4.3 ili propela izunguke mara moja. Difu tuseme ni 4.1. Zidisheni: 17.6. Sasa ingizeni gia nzito ya transfa, ile iliyoandikwa L4. Kwenye Toyota Hilux za matoleo ya Vigo na Revo gia hiyo ni 2.566, kwa hiyo 17.6 inakuwa 45.

Injini ya Toyota inayoitwa 5L, dizeli ya zamani isiyo na tabo (feni ya kusukumia injini hewa zaidi), ina nguvu ya kuzungusha ya Nm 200 hivi; Nm, nyutoni mita, ndicho kipimo chake. Kwenye L4 namba moja, nguvu hiyo inafika kwenye ekseli ikiwa Nm 9,000, tusipohesabu inayopotea njiani. Ile 1GD mpya ya lita 2.8 yenye gia ya mkono ina Nm 420. Ukiipa gia zile zile lakini ukaiacha kwenye H, gia nyepesi ya transfa, unapata Nm 7,400. Kizee kisicho na tabo kwenye gia nzito kinamvuta kijana aliye kwenye gia nyepesi. Tena kinavuta taratibu: kwa mizunguko 2,000 kwa dakika na tairi za kawaida za inchi 30 na kidogo, L4 namba moja inakwenda kilomita 6 na nusu kwa saa, mwendo wa mtu mwenye haraka. Kwenye H ni 16 na zaidi, na kwa mwendo huo ndipo watu huanza kuchezea klachi kwenye tope mpaka inanukia.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji ni hili: ina L4? Kuna pikapu zilizoinuliwa juu kama foo wili lakini ni za tairi mbili tu. Hilux za PreRunner ni mfano. Stika ya 4x4 pembeni inabandikwa na yeyote. Inama, tafuta difu ya mbele na propela inayotoka kwenye transfa kwenda mbele. Wengine huikuta difu ipo ila propela imefunguliwa ikatupwa, kwa sababu ilikuwa inalia. Ukikuta hivyo, jua kilichokuwa kinalia bado kimo humo ndani.

Pikapu nyingi tunazonunua ni foo wili ya muda. Ukiwa kwenye H2 tairi za nyuma tu ndizo zinavuta. Ukiingiza H4, propela ya mbele na ya nyuma zinafungwa pamoja, zizunguke sawasawa. Kwenye tope hakuna shida. Kwenye lami kavu, gari likikata kona, tairi za mbele hupita njia ndefu kuliko za nyuma, lakini propela zimelazimishwa kwenda sawa. Tofauti hiyo haina pa kwenda, inajikunja ndani ya transfa. Utasikia usukani mzito, tairi zinasuguana na lami, halafu ukitaka kurudi H2 stiki inagoma. Usiilazimishe. Rudi nyuma mita chache ukiwa umenyoosha usukani, itaachia yenyewe. Anayeendesha hivyo kutoka Makambako mpaka Njombe mjini kwa sababu "inashika barabara vizuri" anajiandalia bili ya transfa.

Na L4 kwenye gari la namna hii ni H4 yenye gia nzito, kwa hiyo katazo la lami kavu linaihusu pia. Kushuka Kitonga na mzigo, baki H2, shuka kwa gia namba mbili au tatu, injini ikushikie, breki ziwe za kusaidia. Mitsubishi L200 zenye Super Select ni habari nyingine kidogo: zina difu ya katikati, kwa hiyo foo wili yake ya kawaida inaruhusiwa kwenye lami. Lakini siyo kila L200 inayo; soma maandishi kwenye kitufe au stiki kabla hujamwamini muuzaji.

Habu za mbele nazo. Magari ya zamani yana habu za kufunga kwa mkono: unashuka, unazungusha kutoka FREE kwenda LOCK, kushoto na kulia. Watu wanazidharau kwa sababu ya kushuka kwenye matope. Mimi naona ni kifaa bora: ni chuma, hakina waya wala mota, na fundi yeyote anakifungua, anakisafisha na kukipaka grisi kabla ya saa sita mchana. Hilux za kuanzia Vigo, nyingi zinajiunganisha zenyewe kwa mota iliyo kwenye difu ya mbele. Ni raha, mpaka mota ijae maji. Dalili yake ni taa ya foo wili kwenye dashibodi inayowaka na kuzima bila kutulia. Kwa vyovyote vile, tembeza gari kwenye foo wili angalau kilomita 16 kila mwezi, kwenye barabara ya vumbi, ili oili ifike sehemu za mbele. Toyota wenyewe wameliandika hilo kwenye kitabu cha gari, ila gari la mtumba huja bila kitabu hicho, au kinakuja kwa Kijapani.

Sasa difu, na hapa nitakaa kidogo.

Difu ya mbele na ya nyuma lazima ziwe na uwiano mmoja. Kama nyuma ni 4.1, mbele iwe 4.1. Difu ya nyuma ikifa, mwenye gari huenda kununua ya mtumba, anapewa inayoingia kwenye matundu ya bolti, anafunga, gari linatembea. Kwenye H2 hutajua kitu. Siku unaingiza H4, tairi za mbele zinataka kwenda kwa kasi moja na za nyuma kwa kasi nyingine. Kati ya 4.1 na 4.3 tofauti ni karibu asilimia 5: kila tairi ya nyuma ikizunguka mara 20, ya mbele imetofautiana nayo kwa mzunguko mzima. Kwenye utelezi tairi zitateleza kufidia. Ukifika pakavu kidogo, kitu cha kwanza kulia ni krosi za propela au cheni ya transfa. Mnunuzi ataambiwa "foo wili yake ina mlio kidogo, ndivyo zilivyo." Hapana, sivyo zilivyo.

Namna ya kujua ni rahisi. Kibati cha chasi kwenye boneti au kwenye nguzo ya mlango kina msimbo wa gia boksi na ekseli, lakini kibati kinasema gari lilivyotoka kiwandani, hakijui lilivyofungwa tena gereji. Kwa hiyo weka gari mahali tambarare, ziba kwa mawe tairi tatu zitakazobaki chini, mbele na nyuma ya kila tairi, uachie hendibreki kwa sababu inashika tairi za nyuma. Inua tairi moja ya nyuma, stendi iwe chini ya chasi, usitegemee jeki. Gia iwe nyutro, transfa iwe H2. Weka alama ya chaki kwenye tairi na kwenye propela. Zungusha tairi mizunguko miwili kamili, mwenzako ahesabu propela. Miwili, siyo mmoja: kwa kuwa tairi ya upande wa pili imesimama, difu inagawa nusu. Propela ikizunguka mara nne na kidogo tu, hiyo ni 4.1; mara nne na karibu theluthi, ni 4.3, ikikosa kidogo kufika nne, ni 3.9. Difu yenye LSD (inayobana tairi mbili zisipishane sana) au iliyofungwa loki (inayozilazimisha kuzunguka sawa) haitakubali mchezo huu, kwa hiyo hakikisha loki imefunguka.

Nikirudi kwenye tairi: vijana wanapenda kuondoa 265/65R17, zenye kimo cha milimita 776, na kufunga 285/75R16 zenye 834. Ni asilimia 7 zaidi. Difu yako ya 4.1 imegeuka kuwa kama 3.8, umejipunguzia nguvu ya mlimani kwa pesa yako mwenyewe, na spidi mita ikionyesha 100 unakwenda 107. Ukitaka tairi kubwa, hesabu na difu.

Loki ya difu ya nyuma, kama gari linayo, ni ya kutokea kwenye shimo na kuzimwa. Ukikata kona na loki imefungwa, ekseli ndiyo inayolipa. Kama huna loki, usikate tamaa. Dereva mwenye tairi nzuri za tope zilizopunguzwa upepo na koleo nyuma anafika mahali ambapo mwenye loki na tairi vipara anaita trekta.

Unapokagua gari, fungua boliti ya kujazia oili ya difu. Kwenye Toyota nyingi ni spana namba 24. Anza daima na ya kujazia, ya kumwagia baadaye. Wako waliomwaga oili yote, wakakuta ya juu imeota kutu haifunguki, na gari limelala hapo. Ingiza kidole: oili iwe imefika ukingoni mwa tundu au chini yake kwa milimita chache. Ikitoka na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Difu ikipata moto barabarani kisha ikazama kwenye mto baridi, hewa ndani inasinyaa, nayo inavuta maji kupitia bomba la kupumulia au sili iliyochoka. Bomba hilo ni dogo kama kalamu, juu ya ekseli, na mara nyingi limezibwa na udongo. Kulirefusha kwa mpira mpaka juu ya bodi hakugharimu kitu. Oili ya difu ni ya daraja la GL-5, limeandikwa kwenye kopo. Gia boksi ya mkono soma kitabu chake kwanza, kwa sababu baadhi zinataka GL-4, na GL-5 isiyofaa inakula singronaiza za shaba, zile pete zinazolainisha kubadili gia.

Sasa fungueni boneti.

Hapa Njombe tupo karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Kitulo ni 2,600. Injini isiyo na tabo hupoteza takribani asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000. Ile 5L yenye Nm 200 Dar es Salaam, hapa ina 160. Irudisheni kwenye hesabu yetu ya mwanzo mtaona bado L4 yake, Nm 7,200, inakaribia kabisa ile injini mpya kwenye H. Lakini barabarani, kwenye mwinuko mrefu wa lami ambako L4 haitumiki, itakuwa gia namba mbili na foleni ya malori nyuma yako. Tabo inafidia sehemu kubwa ya hewa nyepesi. Kwa hiyo kwa mtu anayebeba tani kila wiki kwenye nyanda hizi, mimi nasema achukue dizeli yenye tabo. Anayeishi pwani na kubeba mara mojamoja, 5L au 3L inamtosha, na ataisahau.

Tani nimesema. Pikapu nyingi za daraja hili zinabeba kilo 1,000 hivi, zikiwemo za dereva na abiria. Magunia kumi ya kilo mia ni tani kamili. Magunia kumi ya lumbesa siyo tani, na hakuna injini inayorekebisha springi zilizolala au beringi za nyuma zilizoungua.

Dizeli zimegawanyika makundi mawili, na mgawanyo huu una uzito kuliko jina la kampuni. Za zamani, kama 2L, 3L, 5L za Toyota au TD27 ya Nissan, zina pampu ya kawaida, na nozeli zinafunguka kwa shinikizo la bar 150 hivi. Za komoni reli, ambazo nozeli zote zinalishwa na bomba moja lenye shinikizo kubwa, kama 1KD, 2KD, 1GD, 2GD za Toyota, 4JJ1 ya Isuzu na YD25 ya Nissan, zinafanya kazi kwa bar 1,600 na zaidi. GD zinafika 2,200. Kwa shinikizo hilo nafasi kati ya chuma na chuma ndani ya nozeli ni ndogo kuliko vumbi, na kinacholainisha vyuma hivyo ni dizeli yenyewe.

Ndiyo maana uchakachuaji unaua komoni reli haraka. Mafuta ya taa hayana utelezi wa dizeli. Ninyi mnakumbuka mwaka 2011 Serikali ilivyopandisha kodi ya mafuta ya taa ili mchezo huo usilipe. Kenya nao mwaka 2018 wakaweka tozo ya shilingi 18 kwa lita. Dizeli ya kituoni imekuwa bora, na tangu 2015 nchi za Afrika Mashariki ziko kwenye kiwango cha salfa kisichozidi sehemu 50 kwa milioni. Lakini dizeli ya dumu kijijini haijui kiwango hicho, na mara nyingi ina maji. Kama utategemea madumu, ama nunua injini ya pampu ya zamani, ama ukubali nidhamu: mwaga maji kwenye chujio kila wiki, na chujio lenyewe badilisha kila kilomita 10,000, la asili. Kuokoa pesa kwenye chujio la dizeli la komoni reli ni kama kuokoa kwenye kamba ya ndoo ya kisima.

Za GD uliza pia kama zina kichujio cha masizi kwenye ekzosi, kile kinachoandikwa DPF. Kinahitaji safari ndefu za moto ili kijisafishe. Gari la shamba hadi sokoni, kilomita 6, halikipi nafasi hiyo.

Sasa magonjwa ya kila moja, kwa ufupi. 1KZ ya Toyota ya lita 3 hupasuka hedi ikipata moto. Rejeta na feni viwe vizima, usimwamini muuzaji anayesema "imebadilishwa gasketi tu". 1KD ni injini nzuri yenye udhaifu mmoja wa kutisha: washa za shaba chini ya nozeli zikivuja, moshi wa mwako unaingia kwenye oili, masizi yanakuwa lami, lami inaziba chujio la kufyonzea oili lililo ndani ya sampu, karai la oili chini ya injini. Taa ya oili ikiwaka, beringi zimeshakwenda. Ukinunua 1KD yenye kilomita nyingi, fungua sampu kabla hujafurahia, angalia lile chujio. Ichomekwe pia mashine ya kupimia, isome marekebisho ya nozeli injini ikiwa ya moto na inaunguruma bila kukanyagwa mafuta. Yawe ndani ya kuongeza au kupunguza 3. KD zote na zile za L zinatumia taimingi belti. Belti ikikatika valvu zinakutana na pistoni, basi ibadilishwe pamoja na kikazio chake, kilomita 100,000 zisipite. GD na 4JJ1 zina cheni.

YD25 kwenye Navara D40 sikiliza asubuhi injini ikiwa baridi: cheni iliyolegea inakung'uta sekunde chache kisha inanyamaza, na muuzaji atakuwa ameshaiwasha kabla hujafika ili usisikie. Gusa boneti. Ikiwa na joto, mwambie utarudi kesho, usimpe saa.

Ford Ranger za 2.2 na 3.2 zina jambo ambalo gereji nyingi bado hazilijui. Ukimwaga oili ukaliacha gari linachuruzika zaidi ya dakika kumi, pampu inapoteza oili yake, na ukiwasha inashindwa kufyonza. Injini inakufa kwa kubadilishwa oili. Oili mpya na chujio viwe mkononi kabla hujafungua ya zamani. Kama fundi wako ana desturi ya kumwaga asubuhi akaenda kunywa chai, usinunue Ranger, au badilisha fundi.

Petroli? Watu wanaicheka bure. 2TR ya Toyota ya lita 2.7 ina cheni, haina tabo, haina nozeli za bei ya ng'ombe. Chukua mfano: dizeli lita 9 kwa kilomita mia, petroli 13. Kwa kilomita 15,000 za mwaka tofauti ni lita 600. Zidisha kwa bei ya kituo chako, halafu kaulize bei ya nozeli nne mpya za komoni reli. Anayetembea kidogo bila mzigo mzito atagundua petroli haimwonei. Anayetembea 40,000 na tani mgongoni, aende dizeli.

Na kabla ya yote hayo, nenda kwa fundi wako na orodha ya injini mbili au tatu, muulize ipi ameshawahi kuishusha na kuipandisha. Akisema zote, muulize wapi anapata spea.

Maswali tutayachukua nje. Kuna pikapu pale, mwenyewe amekubali tuinue tairi moja ya mbele na moja ya nyuma, kwenye stendi, gia nyutro, transfa H4. Tukizungusha ya nyuma mara kumi, alama ya chaki ya mbele inatakiwa irudi pale pale ilipoanza. Ikikosea nusu mzunguko, mmoja wetu atakuwa na mazungumzo marefu na aliyemuuzia. Mwenye chaki aje nayo.